Pipa la Baba Halitoki

Wahenga hawakutania waliposema mwenye pupa hadiriki kula tamu. Asiyejua kungoja hukosa utamu, kisha hulaumu chungu.

Baba alipofariki aliacha pipa la kupikia pombe, lenye chujio ndani na koki chini. Kitindamimba, binti aliyekuwa fundi cherehani, alilitaka ili aendeleze upishi wa pombe aliofundishwa na baba. Kaka yake, mchomeleaji vyuma, alishikilia kuwa pipa ni la mwanamume. Mama, kwa kuchoshwa na ubishi, akamwambia kaka apike kwanza.

Kesho yake asubuhi kaka aliloweka kimea kilichosagwa katika maji moto. Kilipoanza tu kutoa utamu, akafungua koki yote. Maji yalitoka kwa kasi, kisha machicha ya kimea yakashindiliana juu ya chujio na koki ikakauka kau. Kaka alilipiga pipa teke, akatangaza kuwa limezeeka, akamwita mnunuzi wa vyuma chakavu. Mkokoteni ukafika mlangoni.

Kitindamimba alisimama kati ya mkokoteni na pipa, mikono kiunoni.

"Halitoki," alisema.

"Mdogo wangu, humo mna machicha matupu. Hata kuku watayasusa."

"Basi niachie hayo machicha, Kaka. Na pipa halitoki."

Alikuwa na hasira, lakini mikono yake haikuijua hasira hiyo. Alifunga koki, akayakoroga machicha taratibu kwa mwiko mpaka yakalegea, akayaacha yatulie. Kisha akafungua koki kidogo tu, maji yakatoka membamba kama uzi wa cherehani. Ya kwanza yalikuwa na vumbi la nafaka, akayarudisha juu. Yalipotakata, akaanza kuyamwagia machicha maji moto yasiyochemka, upawa kwa upawa, asiyaache yakauke wala yafurike. Kaka alimwambia atazeekea hapo. Akajibiwa kuwa kuzeeka si kosa, iwe kwa mtu au kwa pipa.

Ndoo ilipojaa, mama alichota kikombe, akanywa, akamwambia mwenye mkokoteni aende salama. Tone lililobaki akampa kaka. Kaka alilamba midomo, akanyoosha kikombe aongezwe.

"Haya ni ya machicha, Kaka," Kitindamimba alisema, akiiondoa ndoo. "Tumewawekea kuku."

Jioni pipa lilihamia jikoni kwa Kitindamimba, na aliyelibeba begani ni kaka, kikombe chake kikiwa kitupu. Mwenye pupa hadiriki kula tamu.