Nzuri Aliyoidaka Mzee Kivugo

"Nzuri ni mlango, habari iko ndani." Nimesema hivyo tu, na nyinyi mnacheka. Chekeni. Hamza, mjukuu wangu na bwana wangu, cheka mpaka magego yaonekane, lakini mikono isisimame. Kunde hizo hazijichambui. Nimemuuliza Mwajabu habari za mama yake, akanijibu "nzuri", nikampa methali ya kwetu, na sasa mnataka kujua imetoka wapi. Haya. Methali hii ilianza hivi, na mimi nimeipata kwa mama yangu, ambaye aliyaona mwenyewe akiwa msichana.

Hapa Kwamgaya palikuwa na mhunzi, Mzee Kivugo. Majembe, mashoka, visu vya kuchinjia, vyote vilitoka mkononi mwake. Mkewe alifariki mapema akamwachia binti mmoja, Mwantumu. Watu wakamwambia aoe, mtoto wa kike halelewi na mwanamume. Akawajibu, "Mbona mimi sijawauliza?" Akamlea mwenyewe. Akamsuka nywele kwa mikono ile ile ya kufulia chuma. Mama alisema mtoto alikuwa anapita kijijini kichwa kama shamba lililolimwa na mlevi, lakini nani athubutu kumcheka mbele ya baba yake?

Mwantumu akakua, akaolewa na kijana aliyekuwa akikata mkonge huko Kilosa. Zamani hizo Kilosa ilikuwa mbali kwelikweli. Simu hakuna, na kusoma si baba aliyejua wala binti. Habari ilikwenda na mtu. Ukimwona anayekwenda huko unampa salamu zako, akirudi anakuletea za huko. Asiporudi, basi tena.

Kivugo akabaki peke yake. Nyinyi hamjui upweke wa mtu mzima, na Mungu awacheleweshe kuujua. Alipika ugali wa watu wawili kwa mazoea, akala nusu, nusu akawamwagia kuku. Alizungumza na nyundo yake. Na kila aliyepita njia ya mnadani alimsimamisha: "Umetoka wapi? Kilosa umefika? Mwanangu hujamwona?" Mwisho watu wakawa wanazungukia nyuma ya kisima ili wasipite kwake. Hawakuwa wabaya. Inachosha tu kumwambia mzazi kila siku kwamba hujamwona mwanawe.

Siku moja akapita Mgaza, mchuuzi wa mbuzi, kijana wa hapa hapa. Kivugo alimwona tangu mbali, akaacha chuma motoni akamkimbilia barabarani.

"Mgaza! Kilosa umefika?"

"Nimefika, mzee. Shikamoo."

"Marahaba, marahaba. Mwanangu je?"

"Nimemwona."

"Habari zake?"

"Nzuri, mzee..."

Sasa sikilizeni. Mnajua sisi tulivyo. Mtu nyumba inaweza kuwa imemwangukia, ukimuuliza habari anakwambia nzuri. Ndivyo tulivyolelewa, msiba haumwagwi barabarani. Unasema nzuri, unakaribishwa, unapewa maji, unakaa, halafu ndipo unasema "ila". Kivugo alilijua hilo kuliko mimi na nyinyi. Misiba mingapi alikuwa ameipeleka yeye mwenyewe kwa watu, na kila mara akaanza na nzuri! Lakini ile nzuri alikuwa na njaa nayo. Aliidaka akakimbia nayo.

"Jamani! Mwantumu hajambo! Mwanangu mzima!" Huyo, anaingia kijijini, na Mgaza nyuma yake, "Mzee, ngoja! Mzee Kivugo, ngoja kwanza!" Wapi! Nani amngoje?

Akachinja jogoo. Majirani wakajaa. Jioni Mgaza alipokwisha kufunga mbuzi wake akaja akapiga hodi, akamkuta mzee anacheka, mtu ambaye hakuna aliyemsikia akicheka tangu harusi ya bintiye. Akamwinamia sikioni.

"Mzee, tutoke nje kidogo. Sikumaliza maneno yangu."

Kivugo akaacha kucheka. Akamtazama yule kijana, kisha akawatazama wageni wake na mabakuli yao ya mchuzi.

"Ulisema nzuri, Mgaza, au hukusema?"

"Nilisema, mzee, ila..."

"Basi. Kaa ule. Mengine kesho."

Je, alihisi? Mimi nasema alihisi, na ndiyo sababu hakutaka kutoka nje. Mama yangu alisema la, ilikuwa furaha tu imemziba masikio. Tulibishana hilo mpaka Mungu akamchukua, Mungu amrehemu, alikuwa mbishi.

Mgaza akala kwa shida. Kesho yake akaondoka na mbuzi wake kwenda minada ya mbali bila kupita kwa mzee, akajiambia, nitamweleza nikirudi. Woga huo! Mtu mzima na ndevu zake! Na Kivugo naye alipoambiwa kijana ameondoka, hakumfuata. Aliendelea kufua majembe huku anaimba.

Mgaza aliporudi mwezi ulikuwa umekwisha andama mwingine. Safari hii hakuthubutu kusema nzuri. Aliingia bandani, akakaa chini bila kukaribishwa.

"Mzee, mkweo alifariki. Mwantumu amebaki na mtoto mchanga, na chumba cha kambini anatakiwa akitoe. Aliniambia hivi: 'Mwambie baba aje anichukue. Mimi nitakaa pale njiani namngoja.'"

Kivugo hakumtukana. Aliuzima moto wake kwa maji, akachukua fimbo, akashika njia ya Kilosa kwa miguu.

Huko alimkuta mama mmoja, jirani wa bintiye. Yule mama akamtazama juu mpaka chini. "Wewe ndiye baba yake? Ulikuwa wapi, baba? Mtoto wa watu alikaa barabarani pale na kichanga mgongoni. Gari likija, anasimama. Mtu akitokea, anasimama. Mwisho akasema, 'Baba amekataa. Simlaumu, mimi ndiye niliyemwacha peke yake.' Akafuatana na watu waliokuwa wanakwenda kusini. Kusini wapi, hakutuambia."

Kivugo alitafuta. Alitafuta mpaka viatu vikamwishia. Akarudi hapa Kwamgaya peke yake, na Mwantumu hakuonekana tena, wala habari yake haikusikika.

Tangu hapo mpita njia yeyote, awe ametoka Kilosa au ametoka bondeni hapo, mzee alimuuliza habari. Akisema nzuri, Kivugo alimshika mkono. "Nzuri ni mlango, mwanangu. Habari iko ndani. Nifungulie niingie, hata kama ndani mna giza." Akamkalisha, akampa maji, akasikiliza mpaka mwisho, hata misiba ya watu asiowajua. Watu wakaacha kuzungukia nyuma ya kisima. Walimwonea huruma, lakini yule aliyemtaka yeye, hakuna aliyekuwa amemwona. Akafa anamsubiri.

Ndiyo hiyo. Hamza, weka ungo chini. Mwajabu, njoo hapa karibu, vuta kigoda.

Tangu jana uliposhuka kwenye basi unanikwepa macho. Chai yako imepoa pale. Na mama yako, ambaye hapitishi siku bila kunipigia simu kunigombeza nimeze dawa, simu yake haipatikani. Jana ulisema nzuri, nikafurahi, nikakukaangia mayai. Nilikuwa Kivugo mtupu. Leo sitaki mayai. Yule ni mwanangu kabla hajawa mama yako. Habari zake?

Nzuri. Ndiyo, nimesikia, una adabu. Kunywa maji. Ila nini?

Sema kwa sauti, bibi yako masikio yamezeeka. Amelazwa? Tangu wiki iliyopita? Na akakukataza usiniambie, nisije nikapandisha presha. Na usiku anafanyaje? Ananiita?

Usilie, mjukuu wangu. Hujakosea, umefanya ulivyotumwa. Hamza, bwana wangu, niletee kanga zangu na ule mkoba nyuma ya mlango, na kuku mpelekee jirani. Basi la mchana halijapita bado. Nzuri ni mlango, habari iko ndani. Tumekwisha ingia. Nyanyukeni, twendeni.