Tembo Aliyepiga Goti Mbele ya Liwali

Wametusimulia waliotutangulia, na Mwenyezi Mungu ndiye ajuaye zaidi, kwamba katika dola ya Warumi aliishi malenga mcha Mungu aitwaye Kalisto, mfuasi wa Nabii Isa, amani iwe juu yake. Liwali wa mji wake alipenda michezo ya wanyama kupita kiasi. Na desturi yao ilikuwa hivi: mnyama akimaliza mchezo wake uwanjani, malenga husimama na kueleza kwa shairi kwa nini mnyama yule amemtii mtawala. Jibu lilikuwa lile lile kila mwaka: mnyama ametambua kuwa mtawala ni mungu. Astaghfirullah.

Mwaka mmoja zamu ilimwangukia Kalisto, na mdogo wake Dativo yuko kifungoni chini ya uwanja, anangoja kutupiwa simba. Kosa lake ni kukataa kumwita liwali mungu. Kalisto akaahidiwa kwamba shairi likipendeza, Dativo ataachiwa.

Priska, mke wa Dativo, akamlilia. "Shemeji, sema tu. Ni maneno, yatapita. Mume wangu arudi nyumbani."

"Neno hilo hilo ndilo lililomtia ndani, shemeji," akajibu Kalisto, machozi yakimtoka. "Nikimtoa kwa kulisema mimi, nitamtazama kwa uso gani?"

Siku ikafika. Tembo akaletwa, mtunzaji wake akamgusa kwa fimbo nyuma ya sikio, naye akapiga goti mbele ya liwali. Umati ukashangilia. Kalisto akasimama, miguu ikimtetemeka, akatoa ubeti mmoja tu: tembo amepiga goti kwa kuwa amefunzwa, na wa kusujudiwa ni Yule aliyemuumba tembo na liwali pia.

Liwali akamkazia macho Kalisto.

"Unajua ndugu yako yuko wapi?" akauliza liwali.

"Najua, bwana wangu. Yeye angesema hivi hivi."

Liwali, ambaye ndiye hasa aliyeagiza tembo afunzwe, akamwamuru mtunzaji asogee mbali, aone itakuwaje. Tembo akainuka taratibu, akanyoosha mkonga, akalivua taji la majani kichwani mwa liwali, akalila. Akalimaliza lote.

Watu wakauma midomo wasicheke. Liwali akapapasa upara wake, kisha akacheka yeye wa kwanza. "Miaka yote hii," akasema, "leo ndio nimepata wawili wasionidanganya. Mfungueni yule kijana."

Dativo akatolewa, macho hayajazoea jua. Hakuuliza kama amepona. Aliuliza, "Kaka, umesema nini?"

"Nimesema tembo amefunzwa."

Ndipo akamkumbatia.

Basi ndugu zangu, msidhani Kalisto hakuogopa. Aliogopa mno, na alisema kweli huku anatetemeka. Mola alimpokea hivyo hivyo na woga wake, na sisi tutarajie vivyo hivyo.