Mpaka Uliolala Jivuni

Mkipita nyanda za juu wakati wa kipupwe mtaona mashamba yamekaa wazi, shamba limeungana na shamba, hakuna alama, na hakuna anayegombana na jirani yake. Mkiuliza mpaka uko wapi mtaambiwa umelala. Mgeni hudhani anafanyiwa mzaha. Basi sikilizeni ilivyokuwa, ndipo mcheke.

Zamani hizo ua jekundu linalopandwa mipakani huko, lenye majani mapana kama ya mgomba mchanga, halikujua kulala. Lilikuwa ua la nchi ya chini, kule ziwani kwenye joto, likichanua mwaka mzima bila kupewa likizo. Milimani halikuwapo kabisa. Lilipandishwa huko ndani ya kikapu na bibi harusi mmoja, jina lake Tulinagwe, aliyekuwa akienda kwa mumewe Lutengano. Alibeba matunguu yake, yaani vile viazi vya chini ya udongo ambamo ua huchipukia, kwa sababu alisikia kwamba huko anakokwenda ukungu hukaa mpaka mchana, naye alitaka kitu chekundu cha kutazama.

Sasa, nchi ya juu ilikuwa nchi ya sheria. Mwanzoni mipaka iliwekwa kwa mawe, lakini ikagundulika kwamba mawe yana miguu. Unaliacha jiwe hapa jioni, asubuhi limesogea hatua tatu, na kila mara limesogea kuelekea shamba la mjane. Baraza la Mipaka likakaa siku saba, likamaliza mitungi tisa ya pombe ya ulezi, likaamua kwamba tangu hapo mpaka uwe kitu kilicho hai, kwa kuwa kilicho hai kikihamishwa hunyauka na kumtaja mwizi wake. Wazee wangepita kila mwaka kukagua. Mpaka ukikutwa umekufa, shamba halina mwenyewe, linarudi kwenye ukoo. Ukaguzi wenyewe ukapangwa wakati wa kipupwe. Sababu haikutangazwa, ila kila mtu alijua ndio wakati pombe inapokuwa tayari.

Watu walipanda vichaka vya miiba. Lutengano akapanda maua ya mkewe, kulizunguka shamba zima, kona hadi kona.

"Bwana wee, huo ni mpaka au ni harusi?" majirani walimtania.

"Vyote viwili," akajibu.

Maua yakachanua msimu wote wa mvua. Mvua zilipokuwa zinaishia, Lutengano akashikwa na kichomi, na siku ya nne wakamzika pembeni mwa shamba lile, karibu na mstari mwekundu.

Kipupwe kikaingia. Ule umande unaoganda ukawa mweupe, ambao watu huuita jalidi, ukashuka usiku mmoja tu, na asubuhi majani yote yalikuwa meusi kama yaliyopitiwa na moto. Wa kwanza kufika kutazama alikuwa Ngwembe, kaka wa marehemu. Alifika hata jua halijachomoza.

"Pole sana, shemeji," alisema, mikono nyuma. "Naona mpaka nao umemfuata mwenyewe."

Tulinagwe alielewa. Shamba likirudi kwenye ukoo, litakuwa la Ngwembe. Yeye atarudishwa ziwani, atamwacha mumewe peke yake pale pembeni. Na mama mkwe wake, aliyekuwa akiishi naye, atahamia kwa mwanawe huyo mkubwa, ambaye chakula chake kilikuwa hakiji bila maneno.

Akachukua jembe akafukua, si kwa kutumaini lolote. Alitaka tu kuona mwisho wake. Lakini matunguu yalikuwa magumu, mazito, na yana macho madogo ya rangi ya waridi. Akakumbuka jinsi mama yake alivyokuwa akihifadhi mbegu za magimbi zilizokuwa zikisafirishwa mbali. Akayakung'uta udongo, akayaacha kivulini mpaka yakakauka ngozi, akayafukia kwenye jivu ndani ya chungu kilichovunjika mdomo, akakiweka nyuma ya mafiga, mahali ambapo joto hufika likiwa limeshachoka.

Wazee wa ukaguzi wakaja, wakiongozwa na Mzee Ndelwa, mtu mwenye fimbo mbili: nyeupe kwa mpaka ulio hai, nyeusi kwa uliokufa.

"Mpaka uko wapi, binti?"

"Uko ndani, baba. Umelala."

Ngwembe akaangua kicheko. "Umelala! Kesho tutaambiwa unakoroma."

"U hai, au umekufa?" Mzee Ndelwa aliuliza, akiziangalia fimbo zake.

"Bado haujasema, baba."

Hapo sheria ikakwama. Fimbo zilikuwa mbili, na hapakuwa na fimbo ya kitu ambacho hakijasema. Baraza likakaa tena, mitungi ikaletwa tena, likaamua kwamba nusu ya matunguu ipelekwe barazani kama kielelezo, itunzwe kwa heshima zote, na nusu ibaki kwa mjane. Mvua za kwanza zikinyesha, vyungu vyote viwili vifunguliwe mbele ya watu.

Chungu cha baraza kilitunzwa kweli. Kiliteuliwa mtunzaji, na mtunzaji akateuliwa msaidizi. Kilimwagiwa maji kila asubuhi, kikatolewa juani kila adhuhuri, na kila siku ya soko wazee waliyapekua matunguu na kuyakwaruza kwa kucha kuona kama yameamka.

Nyumbani kwa Tulinagwe hapakuwa na mtunzaji. Ila walikuja watu, wengi, na kila mmoja alileta swali lile lile: "Umeshapoa?" Waliuliza wakiinamisha kichwa, wakimtazama machoni kama watu wanaopekua chungu. Akijibu ndiyo, wakaona hakumpenda mumewe. Akijibu bado, wakamwambia ajikaze. Kila walipoondoka alijiona amekwaruzwa mahali papya.

Mama mkwe hakuuliza kitu. Alikuwa akiamka, analeta kuni, anachochea moto, anatia konzi moja ya jivu chunguni, anakaa.

Asubuhi moja Tulinagwe hakuweza tena. Alipiga magoti akaingiza vidole jivuni ili atazame. Bibi kizee akamshika kifundo cha mkono.

"Liache," alisema. Kisha, akiutoa mkono ule jivuni: "Na mimi usiniulize."

Wakakaa hivyo, wanawake wawili na chungu kimoja, mpaka siku ambayo mawingu yalisimama juu ya mlima na tone la kwanza likapiga vumbi.

Watu wakakusanyika. Kilifunguliwa kwanza chungu cha baraza. Ndani mlikuwa na uji mweusi, na harufu yake ilitoka kabla ya kifuniko. Mzee Ndelwa akarudi nyuma hatua nne, akatangaza kwamba baraza limeridhika na ushahidi na halihitaji kuukaribia.

Kikafunguliwa cha mjane. Jivu lilikuwa limepasuka, na katika kila ufa mlitoka kidole chekundu, kikali kama ncha ya mkuki.

"Hayo ni mengine!" Ngwembe alipiga kelele. "Ameyaleta mapya kutoka kwao ziwani!"

Ndipo mama mkwe akasimama. Tangu mazishi hakuwa amesema neno mbele za watu.

"Ngwembe mwanangu," alisema, "mdogo wako nilimzika mara moja. Usinizikie mara ya pili."

Ngwembe akatazama chini. Mzee Ndelwa akainua fimbo nyeupe, na kwa kuwa baraza haliwezi kukubali kwamba limefundishwa na wanawake, likatunga sheria mpya siku hiyo hiyo: mpaka ukilala ndani ya nyumba uhesabiwe hai, mradi usisumbuliwe. Tulinagwe akaupanda tena, kona hadi kona, na kona ya mwisho aliipanda pamoja na mama mkwe wake, penye kaburi.

Na tangu mwaka ule ua hilo limejua kulala. Jalidi ikishachoma majani, watu wa juu hufukua matunguu, huyafukia jivuni nyuma ya mafiga, na hakuna anayeyagusa. Wakaguzi bado hupita, husimama mlangoni, huuliza, huambiwa umelala, hupewa kata ya pombe, huenda zao. Na nyumba yenye msiba huko haiulizwi kitu. Jirani huja na mzigo wa kuni, huutua mlangoni, huondoka. Swali lake hulihifadhi mpaka mvua.