Gari la Mpiga Plasta

Wahenga hawakuona haya kusema mficha uchi hazai. Walijua kwamba mtu akilifunika tatizo lake gubigubi, msaada huupita mlango wake bila kubisha hodi.

Roy Haworth alikuwa mpiga plasta hodari katika mji wa Burnley, Uingereza. Ukuta alioupitishia mwiko ulilainika kama shavu la mtoto mchanga. Kusoma, hata hivyo, kulimpiga chenga tangu shuleni. Herufi zilimtawanyikia machoni kama siafu waliomwagiwa maji ya moto. Mkewe, Glenys, ndiye aliyemjazia ritani ya kodi kila mwaka. Majira ya baridi Glenys alifariki dunia, akaenda na siri hiyo kaburini. Hata binti yao, Denise, hakuijua.

Msiba haujapoa, yakaja mageuzi: kuanzia Aprili, mafundi kama Roy waweke hesabu zao kwenye programu ya simu au kompyuta, na kila robo mwaka watume muhtasari kwa watu wa kodi.

"Umeshajiandaa, Roy?" Terry, fundi madirisha, alimuuliza mgahawani asubuhi moja. "Mimi kile kiprogramu kimenitoa jasho, utadhani naposa upya!"

"Mbona zamani!" Roy alijibu, macho kwenye kikombe.

"Basi njoo unifundishe, mzee!"

Roy alicheka kicheko cha mdomoni, akaondoka mayai yakiwa bado sahanini. Kwa kuwa maji yalimfika shingoni, aliamua kuacha kazi. Wateja, na hata Denise, aliwaambia ni goti, kisha akatangaza kuuza gari lake la kazi.

Jumamosi mnunuzi alikuwa akilizunguka gari na kupigapiga magurudumu, Denise alipotokea na pai ya nyama mkononi.

"Baba, unauza gari? Goti gani hilo, na jana ulikuwa juu ya ngazi?"

"Nimezeeka, mwanangu."

"Umezeeka wapi! Mama angekusikia angekucheka."

Kutajwa kwa Glenys kulimvunja. Roy aliegemea gari, machozi yakamlengalenga. "Sijui kusoma, Denise. Kila kitu alifanya mama yako. Hizo hesabu za simu siziwezi."

Mnunuzi alikohoa, akaanza kutazama viatu vyake. Denise aliiweka pai juu ya boneti.

"Ndiyo maana utotoni mama alinisomea vitabu, wewe ukanisimulia hadithi za kichwani?"

"Ndiyo."

"Zako ndizo nilizozipenda." Akamgeukia mnunuzi. "Utusamehe, kaka. Gari haliuzwi."

"Hata ningekuwa mimi, nisingeuza," yule bwana akasema, akaenda zake.

Waliketi jikoni. Denise alimwonyesha namna ya kupiga picha risiti, na jinsi simu inavyoweza kumsomea maandishi kwa sauti. Mwanzoni mambo yalikwenda kombo. Programu iliandika mifuko ya plasta kuwa chakula.

"Kumbe ndiyo maana pai yako ngumu!" Roy alisema, nao wakacheka hadi mbavu zikawauma, kwa mara ya kwanza tangu mazishi.

Mwezi wa Agosti Roy alituma muhtasari wake wa kwanza kwa kidole chake mwenyewe. Kisha alimfuata Terry mgahawani.

"Siku ile nilikudanganya. Sikuwa nimejiandaa hata chembe."

"Ibilisi wee! Na mimi nilikuwa nakuonea wivu!" Terry alimvutia kiti. "Haya, kaa hapa unielekeze."

Naam, uwongo wa goti ulikaribia kumnyang'anya Roy kazi aliyoipenda, na neno moja la kweli likamrudishia. Hakika, mficha uchi hazai.