Matangi ya Bibi Riziki na Sufi ya Bwana Hilari

Siku matangi ya Bibi Riziki Mhando yalipojazwa maji ya bahari, huko Ngamiani, Tanga, walikuwapo hawa. Alikuwapo mwenyewe Bibi Riziki, mwalimu mstaafu. Alikuwapo Bwana Zuberi Kihiyo, fundi bomba, ambaye watu humwita Zube na yeye haitiki. Alikuwapo Bi. Sikudhani Jumbe, mkulima wa mwani, anayewajua viumbe wa baharini kama wengine wanavyowajua kuku wao. Na alikuwapo Bwana Hilari Shemdoe, mshona magodoro wa ghorofa ya chini, aliyekuja bila kualikwa.

Alikuja kuweka sharti. "Mwalimu, nakuheshimu. Lakini sufi ikinywa maji ya chumvi haikauki tena. Tone moja likipita kwenye dari yangu, matumbawe yako yanarudi baharini."

Bibi Riziki alikubali. Matumbawe yale aliyalea tangu yakiwa madogo kama kucha, ili watoto wasiojua kuogelea nao wauone mwamba wa baharini.

Matangi yalikuwa matatu, moja juu ya jingine. Pampu iliyapandisha maji kutoka tangi la chini hadi la juu, lenye matumbawe. Kisha yalishuka yenyewe kwa bomba, yakapita tangi la samaki, yakarudi chini.

Bwana Zuberi alitoboa tundu dogo kwenye bomba la kupandishia, karibu na uso wa maji ya tangi la juu. Alieleza kwamba umeme ukikatika, bomba hilo hugeuka mrija na kulinyonya tangi la juu hadi likauke. Tundu likivuta hewa, mrija hufa.

Bi. Sikudhani alidai bomba la pili la kushushia, mdomo wake juu kidogo kuliko wa la kwanza, likae kavu. Fundi alitaka kujua bomba kavu ni la kazi gani.

"Konokono akiona shimo huingia," alijibu. "Hatakuomba ruhusa wewe, fundi."

Bwana Hilari hakujua mabomba. Alichora mstari wa chaki kwenye kioo cha tangi la chini, mbali na ukingo, akakataza maji yasiuvuke. Kila asubuhi alipanda kuukagua kabla ya chai, na Bibi Riziki akizidisha hata kikombe, alimfanya akichote.

"Godoro ukilishindilia hadi mdomoni," alimwambia, "utakosa pa kushona."

Adhuhuri moja konokono aliingia kwenye bomba la kwanza la kushushia, akatulia humo. Maji yakapanda katika tangi la juu, yakaukuta mdomo wa bomba kavu, yakashuka salama. Bibi Riziki ndiyo kwanza alikuwa ameliona hilo, umeme ukakatika. Maji ya juu yakaanza kurudi chini kwa kasi. Aliyatazama yakiuvuka mstari wa chaki, naye ameshika ndoo akijua haitafaa kitu. Kisha tundu likavuta hewa, likakoroma, na maji yakasimama upana wa kidole kabla ya ukingo.

Sauti ya Bwana Hilari ikapanda kutoka chini: "Mwalimu, umeme umekatika, mbona hunimwagii?"

Sasa, Bibi Riziki alikuwa ameahidi kwamba atakayeuokoa mwamba siku ya balaa, mwamba utaitwa kwa jina lake. Naye ni mwalimu wa zamani: kitu kimoja, jina moja. Jioni, walipokusanyika kwake kula muhogo, Bwana Zuberi alisema bila tundu lake matumbawe yangebaki makavu. Bi. Sikudhani alimkumbusha balaa lipi lilianza, la umeme au la konokono. Bwana Hilari akamaliza muhogo wake kwanza.

"Nyinyi mliyapa maji njia," alisema. "Mimi niliyapa pa kukaa."

Walibishana hadi wakacheka, na Bibi Riziki akaomba muda.

Jumatatu watoto wa shule wanakuja, na watauliza mwamba huu unaitwaje. Enyi mnaosikiliza, ingekuwa juu yenu kuamua, mngeuita kwa jina la nani? Fikirini vizuri, lakini msimwulize Bwana Hilari Shemdoe. Alifariki Alhamisi, kabla jina halijachaguliwa.