Mama Mkwe Alipopiga Mara Nne

Hii nimetumiwa na shemeji yangu asubuhi. Nawatumia kama ilivyo, ila nimepunguza vikaragosi vya kucheka. Ukimaliza kusoma, mtumie yule ambaye akikupigia hakomi mpaka upokee.

Kulikuwa na dereva wa lori la viazi, jina lake Ambakisye. Mtu mpole, na sheria ya kutoshika simu huku unaendesha aliijua kuliko wengi wetu. Siku moja akiteremka mlima, simu ikaita. Akaiacha. Ikaita tena, akaiacha. Ya tatu pia. Ya nne akaishika.

Lori likayumba, likaacha lami, likapita juu ya ndoo nane za parachichi. Kina mama waliokuwa wakiuza walikuwa wameshajirusha mtaroni. Hakuna aliyeumia, Mungu aliwasaidia tu.

Akafikishwa mahakamani, akakiri kosa. Kilichobaki ni leseni. Ikifungiwa, lori anapewa dereva mwingine, na watoto wanne wanabaki na baba asiye na kazi.

"Mara tatu uliweza kuiacha," hakimu akasema. "Ya nne ilikuwa na nini?"

"Mheshimiwa, aliyepiga ni mama mkwe."

Chumba kizima kikaguna. Hata karani aliacha kuandika. Mama mkwe utaachaje kumpokea, tena anapiga mara nne? Hapo kila mtu anawaza msiba.

"Yupo hapa?"

Nyuma akasimama mama mfupi, amevaa kitenge chake cha kanisani. Ndiye mama mkwe mwenyewe, Mama Tusajigwe.

"Mama, ulitaka kumwambia nini?"

Akatazama chini. "Kumwambia asikimbize gari. Nilisikia kuna ukungu."

Watu walicheka mpaka askari akawanyamazisha.

"Sasa mbona mara nne?"

"Mheshimiwa, mtu asipopokea mimi moyoni nimeshamzika. Marehemu mume wangu nilimpigia hivi hivi siku ya ajali yake. Hakupokea."

Hakuna aliyecheka tena. Mama akamgeukia mkwe wake.

"Baba, nisikilize mbele ya hawa wote. Ukiwa kwenye usukani, simu yangu usiipokee. Sitaona umenidharau. Ukifika, ukishazima gari, ndipo unipigie."

"Nimekusikia, mama," Ambakisye akasema, machozi yakimlengalenga.

Hakimu akavua miwani. Akasema miaka yote amewaonya madereva, na hajawahi kuwakumbuka wanaowapigia. Akamtoza Ambakisye faini, akaamuru awalipe kina mama parachichi zao, leseni akamwachia.

Wiki iliyofuata Mama Tusajigwe alikuwa akichambua maharage na jirani yake. Ukungu ulikuwa umetanda, mazoea yakamshinda, akapiga. Simu ikaita mpaka ikakatika. Akaiweka kando, hakurudia.

"Hajapokea?" jirani akauliza.

"Hajapokea," mama akasema, akatabasamu. "Mkwe wangu yuko salama huyo."

Funzo: Sheria inamkataza dereva kushika simu, lakini anayempigia ndiye humtia majaribuni. Ukimpenda mtu aliye safarini, mwambie mapema kwamba asipopokea hutakasirika.