Mkaguzi wa Maandazi

Duka la shule liliendeshwa na wanafunzi, na muuzaji wake alikuwa Sikudhani wa kidato cha tatu. Kila asubuhi Mwalimu Mbwilo wa nidhamu aliingia, akala maandazi manne bure, akasema, "Nakagua." Duka likawa hoi, karibu lifungwe.

Siku moja Sikudhani alimwalika mkuu wa shule, kisha akauliza kwa adabu, "Shikamoo, Mwalimu Mbwilo. Ni kweli haturuhusiwi kuuza kitu ambacho hujakionja?"

"Hata kimoja!" Mwalimu alijibu, akimtupia mkuu jicho. "Afya ya wanafunzi kwanza."

Mkuu aliafiki. Sikudhani akamwekea Mwalimu sahani yenye mche wa sabuni ya kufulia.

"Karibu, Mwalimu. Wenzangu wameshaloweka nguo, wanakusubiri wewe tu."